Masta mbili za ustawi wa jamii, mi nilichagua jina la chuo

Umesema umekubaliwa vyuo viwili kwa masta ya ustawi wa jamii, kimoja kina jina kubwa na ada yake inatisha, kingine hakijulikani sana ila wamekupunguzia karibu nusu, na wiki ijayo unatakiwa ujibu. Nilishakuwa hapo hapo ulipo na nikachagua jina.

Kwanza angalia ithibati, na uiangalie kwa nchi utakayofanyia kazi, sio pale chuo kilipo tu. Marekani kwa mfano ni CSWE, yaani baraza linalotoa ithibati kwa kozi za ustawi wa jamii, masta isiyo na ithibati yao leseni inakuwa ngumu sana kuipata. Zote mbili zikipita hapo basi jina liweke pembeni, angalia fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini.

Maana kozi zinafanana bwana, nadharia, sera, utafiti, tabia ya binadamu, utazikuta kote. Fildi ndo inatofautiana, na ni muda mwingi kweli, Marekani ni angalau masaa 900, Australia 1000, na mara nyingi hulipwi. Chuo changu waliniambia nijitafutie sehemu mwenyewe, wiki ya sita bado sina, nikaishia ofisi moja napanga mafaili na kupokea simu, msimamizi namuona dakika kumi akiwa anatoka. Siku moja akaja mama na watoto wawili amekimbia kipigo nyumbani, nikaachiwa peke yangu, na mi sikujua nianze na nini nikaanza kumjazisha fomu, jina, umri, anaishi wapi. Sikumuuliza kama anaona yuko salama, sikumuuliza usiku ule watalala wapi. Hilo bado linaniuma mpaka leo. Nilikuwa nimesoma kuhusu ukatili wa majumbani na mtihani nikafaulu vizuri tu, ila hakuna mtu aliyekuwa amekaa na mimi nusu saa tukapitia maongezi yangu na mteja, hapa ulimkatisha, hapa ungenyamaza kidogo.

Rafiki yangu alienda chuo kidogo, wao ofisi ya fildi ndo iliyomtafutia hospitali, msimamizi anakaa naye saa nzima kila wiki, na alipomaliza wakamuajiri pale pale. Leo mishahara yetu inalingana, ila mi bado nalipa deni.

Kwa hiyo piga simu ofisi ya fildi ya kila chuo, sio ofisi ya udahili. Waulize sehemu anatafuta nani, msimamizi mwenyewe kasomea ustawi wa jamii au ni meneja tu aliyekuwepo, na sehemu ikiwa mbaya wanakuhamisha au unavumilia mpaka mwisho. Kama unafanya kazi uliza kuhusu jioni na wikiendi. Kama digrii yako ya kwanza ni hii hii ya ustawi wa jamii uliza pia kama wanapunguza muda, kuna vyuo unamaliza kwa mwaka mmoja hivi. Halafu omba kuongea na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wawili wanatosha, hao watakwambia ukweli wote.

Jina ningelifikiria kama ungetaka kwenda PhD au utafiti, hapo nani anakufundisha ina uzito. Ila umesema unataka kukaa na familia na watoto, basi mi naegemea hicho kisichojulikana sana, kama majibu yao ya fildi yatakuwa yameshiba. Na muda ukikubana waandikie kabla ya siku yenyewe uombe siku chache, mi niliomba wakanipa wiki nzima.