Bluu ya kloraidi ya shaba: piga picha ya mwali mtupu kwanza

Spektra (picha za mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) nyingi za CuCl, yaani kloraidi ya shaba, zinazopigwa kwenye maabara za shule hapa Dar huharibika kabla shaba haijagusa moto. Mwali wa gesi ya kupikia una bendi zake wenyewe, yaani mikanda ya rangi inayotolewa na molekuli: CH (kaboni na hidrojeni) kwenye nanomita 431, C2 (kaboni mbili) kwenye 474 na 517. Bendi kali za CuCl nazo zimejazana kati ya takribani 430 na 450. Usipopiga picha ya mwali mtupu kwanza, utaisifia shaba kwa kazi ya gesi.

Kifaa ni rahisi. Pasua DVD tupu upate tabaka zake mbili, uchukue ile isiyo na fedha, uioshe rangi kwa spiriti. Mifereji yake, inayotawanya mwanga kwa rangi, imeachana nanomita 740. Ufa wa kupitishia mwanga utengeneze kwa nyembe mbili, upana milimita 0.2, sentimita 25 kutoka kwenye kipande cha DVD, ndani ya boksi jeusi. Kwa bluu, simu iangalie kwa pembe ya nyuzi 36 hivi. Ukipanua ufa mwanga utaongezeka, lakini bendi zitamezana.

Vipimo visawazishe kwa tyubulaiti: zebaki iliyo ndani yake hutoa mistari ya nanomita 435.8 na 546.1. Balbu ya LED haina mistari, haikusaidii. Halafu zima tyubulaiti kabisa! Ule wa 435.8 unaangukia palepale tunapoitafuta CuCl, na wengi hunaswa hapo.

Waya wa shaba shika kwa koleo. Jasho la vidole na chumvi ya upepo wa bahari vinatosha kuwasha njano ya sodiamu, 589. Uchome mpaka njano iishe. Ndipo uchovye kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, ukivaa miwani, madirisha wazi, mwali umekingwa upepo kwa kopo. Bluu hudumu sekunde chache tu. Klorini ikiisha inabaki kijani ya CuOH (haidroksidi ya shaba), 535 hadi 555, basi chovya tena. Plastiki ya PVC isitumike kamwe. Moshi wake ni sumu.

Klorini 35 na 37, isotopu mbili za klorini (atomi zake zenye uzito tofauti), husogeza bendi kwa takribani nanomita 0.1, na kifaa hiki hutenganisha nusu nanomita. Kutenganisha isotopu, au mistari midogo inayotokana na molekuli kuzunguka, huhitaji spektromita ya Fourier, kifaa cha kitaalamu cha kupima mwanga, kama ile ya kituo cha anga cha Kitt Peak, Arizona, iliyopima kloraidi za titani na kobalti. Kwa hiyo daftarini andika "karibu 443", usiandike 443.27.