Unatafuta kijiji cha babu Kutch? Ulizia taluka kwanza

Ndugu zangu wa Mombasa, Zanzibar na kwengineko mlioambiwa babu alitoka Kutch, kule magharibi ya India, nawaomba msifanye nilivofanya mimi. Nilifika Bhuj, makao makuu ya Kutch, na karatasi moja tu ya babu, imeandikwa "Mandvi, Cutch", nikajua basi nikiingia Mandvi nauliza ukoo napelekwa mpaka mlangoni. Siku tatu nazunguka, hakuna anaetujua. Fundi mmoja wa majahazi, pale mto Rukmavati wanapounda vyombo vya mbao mpaka leo, ndo akanifungua macho, akasema mwanangu hii ni bandari, watu wa Kutch nzima walipandia hapa, huyo karani kaandika babu yako alikopandia chombo sio alikozaliwa.

Na Kutch si mahali pa kubahatisha. Ndo wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674, Rwanda nzima inaingia na nafasi inabaki, ingawa sehemu kubwa ni Rann, lile jangwa la chumvi ambalo mvua za Juni mpaka Septemba zinaligeuza maji matupu, kwahiyo nendeni Novemba mpaka Februari. Ina taluka 10, yaani kama tarafa za wilaya, kila moja na ofisi yake ya mamlatdar inayoshika mambo ya ardhi, hata ukienda kwa Collector, yaani mkuu wa wilaya pale Bhuj, utaulizwa tu taluka gani, kijiji gani. Mi nilimpigia simu shangazi usiku, ndo akakumbuka bibi alikuwa akitaja soko la Nakhatrana, moja ya hizo taluka. Muulizeni shangazi kabla hamjakata tiketi jamani!

Kwenye makaratasi angalieni mwaka. Mpaka 1948 Kutch ilikuwa chini ya Rao, yaani mfalme wao, wa ukoo wa Jadeja, ina mpaka sarafu yake, kori. 1956 ikatiwa jimbo la Bombay, afu tarehe 1 Mei 1960 ndo ikawa ndani ya jimbo jipya la Gujarat, sasa ukitafuta neno Gujarat kwenye hati ya babu alieondoka zamani unajichosha, tafuta Cutch, Kutch na Kachchh zote.

Na mtayarishe moyo. Tetemeko la 26 Januari 2001 liliua maelfu na kulaza vijiji vingi, vingine vikajengwa upya pembeni. Nyumba ya babu sikuikuta. Kisima kipo, na jirani yake bibi mmoja aliyelelewa Mombasa, aliposikia natokea wapi akanishika mkono, "karibu mwanangu, ushakula?"