Sanduku, Kalamu Nyekundu na Mstari Ulionyooka

Kwa zaidi ya mwezi mzima nilichora masanduku kila jioni, na mistari yangu haikutengemaa hata kidogo. Nilikuwa nimeambiwa, kama anavyoambiwa mapema kila anayejifunza kuchora, kwamba sanduku ni zoezi zuri la kuutuliza mkono, nami nikaamini kwamba wingi peke yake ungetosha. Kurasa zilijaa na kalamu zikaisha wino, lakini mistari iliendelea kuyumba katikati na kupinda mwishoni, na masanduku yenyewe yalionekana kama yamebonyea upande mmoja. Nilichokuwa nimekiacha ni ukaguzi: sikuwahi kurudi kwenye sanduku hata moja na kuliuliza limekosea wapi.

Sanduku lina kingo 12, nazo zinagawanyika katika makundi matatu ya kingo nne nne. Kingo za kundi moja ni sambamba katika kitu chenyewe, lakini tunapochora kwa perspektivu, yaani kwa namna inayoonesha kina na umbali juu ya karatasi bapa, kingo hizo husogeleana kadiri zinavyokwenda mbali na mtazamaji, hadi zikutane katika nukta moja inayoitwa nukta ya kutoweka. Nazungumzia hapa sanduku lililogeuzwa huru, ambalo halina ukingo ulio sambamba na karatasi, kwa hiyo lina nukta tatu za namna hiyo, na mara nyingi zote ziko nje ya ukurasa. Hapo ndipo ilipo faida yake kwa mtu anayetafuta mistari mizuri. Mstari uliochorwa peke yake katikati ya karatasi hauna wa kuusuta, ilhali mstari wa sanduku una wenzake watatu wanaojua ulipaswa kuelekea wapi.

Mimi huanza na kona iliyo karibu zaidi na mtazamaji, nikitoa hapo mistari mitatu inayofanana na herufi Y. Pembe tatu zinazopatikana ziwe butu zote, kila moja ikizidi nyuzi 90, kwa kuwa pembe moja ikiwa kali sanduku litaonekana limeminywa tangu mwanzo na hakuna mstari wa baadaye utakaoliokoa. Kutoka ncha za Y huja mistari sita ya nje, kisha mitatu ya nyuma ambayo katika sanduku halisi isingeonekana. Nakusihi usiiache hiyo mitatu. Inatakiwa kukutana katika kona moja iliyojificha, na mara nyingi haikutani, bali huacha pembetatu ndogo ya makosa. Usiikunje mistari ili kuificha pembetatu hiyo, maana ndiyo inayokuonesha jinsi makadirio madogo ya mistari tisa iliyotangulia yalivyolimbikizana.

Kuhusu mstari wenyewe, utaratibu ni mfupi lakini unahitaji subira. Weka nukta mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Geuza karatasi hadi mwelekeo wa mstari uwe ule ambao mkono wako unauzoea. Pitisha kalamu hewani, juu kidogo ya karatasi, mara mbili au tatu, ukiusogeza mkono wote kutoka begani badala ya kuukunja kwenye kifundo, huku macho yakiwa kwenye nukta ya mwisho, wala si kwenye ncha ya kalamu. Kisha ishushe na uchore mara moja bila kusita. Mstari ukipitiliza nukta kidogo, uache; mstari ulionyooka uliopitiliza una afya kuliko ule uliofika kwa kutambaa. Nilipoacha penseli na kushika kalamu ya wino niliona tofauti upesi, kwa sababu ufutio ulikuwa umenizoeza kuahirisha uamuzi, na mkono unaojua kwamba kosa litafutwa hauna haja ya kufikiri kabla ya kugusa karatasi.

Sasa nirudi kwenye ukaguzi, ambao kwangu ndio moyo wa zoezi zima. Jioni moja nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikachagua sanduku moja dogo nililoliona limetoka vizuri, nikairefusha mistari minne iliyokwenda kushoto. Miwili ilisogeleana kama inavyotakiwa. Wa tatu uliikata yote miwili mapema mno, karibu kabisa na sanduku, na wa nne ukaachana na wenzake, ukazidi kwenda pembeni kila nilipourefusha. Nililitazama sanduku lile kwa muda mrefu. Nilielewa kwamba nilikuwa nalinganisha mistari miwili miwili tu, daima ile ya uso mmoja, kwa hiyo kila uso ulionekana sawa machoni pangu ilhali nyuso hazikukubaliana zenyewe kwa zenyewe. Tangu siku hiyo, kabla ya kuchora mstari wowote, natafuta kwanza kundi lake la mistari minne.

Zingatia pia upande unaorefusha. Ikiwa katikati ya Y ndiyo kona ya karibu, basi mistari inarefushwa kuelekea nje, kule mikono ya Y inakokwenda. Ukirefusha kuja kwako, mistari iliyochorwa vizuri itaonekana imekosea. Vilevile angalia mistari miwili ya ndani ya kila kundi, ule mkono wa Y na ule uliojificha nyuma. Nukta ya kutoweka ikiwa mbali, miwili hii hutofautiana mwelekeo kidogo sana, kiasi cha kukaribia kuwa sambamba, nami nilikuwa naifungua kupita kiasi kila mara.

Kanuni hii ya perspektivu, Filippo Brunelleschi, msanifu majengo wa Italia, aliionesha huko Florence mwanzoni mwa karne ya 15, kwa picha ya jengo yenye tundu: mtazamaji alichungulia kwa nyuma na kuiona picha hiyo katika kioo kilichoshikwa mbele yake. Jicho lilibaki mahali pamoja tu, na ndiyo sababu mchoro uliafikiana na jengo lenyewe. Jambo hili husaidia hata kwenye sanduku dogo, kwa sababu nukta za kutoweka zikikaribia mno, sanduku huonekana kama liko puani mwa mtazamaji. Zipeleke mbali.

Masanduku matano kwa siku yananitosha, mradi ukurasa wa jana uwe umekaguliwa kabla ya kuanza wa leo. Nabadilisha ukubwa na mgeuko, maana mkono hukariri haraka sanduku moja na kulirudia bila akili. Mistari mifinyu ya kutia kivuli uso mmoja, na kuunenepesha mstari wa nje kwa kuupitia mara ya pili, ni mambo ya kuongeza baadaye.

Pembeni mwa kila sanduku naandika maneno machache kuhusu kundi lililokosea: kushoto inaachana, chini imekutana mapema, kona ya nyuma imehama. Siku inayofuata nafungua ukurasa mpya, nasoma maneno hayo, na mstari wa kwanza ninaouweka baada ya Y unatoka katika kundi lile lile.