Maswali ya Wasomaji: Bakteria wa Kimeta Hujuaje Wakati wa Kuunda Spora?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Monduli ofisa mifugo alituzuia kumchuna ng'ombe aliyekufa kwa kimeta, akisema kwamba tukimpasua ndipo vimelea vitakapounda spora. Shuleni tumefundishwa kuwa bakteria hugawanyika katikati na kuwa wawili wanaofanana. Je, ni nini kinachobadilisha mgawanyiko huo, na kiumbe kisicho na ubongo hujuaje kwamba wakati umefika? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Monduli)

JIBU: Ofisa huyo alisema kweli. Bakteria wa kimeta huhitaji oksijeni ili waunde spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi, na ndani ya mzoga usiopasuliwa oksijeni huisha upesi, hivyo wengi wao hufa kadiri nyama inavyooza. Damu inapomwagika nje huipata hewa, na hapo kazi huanza.

Hatua zenyewe zimechunguzwa zaidi kwa jamaa yake wa udongoni asiye na madhara, Bacillus subtilis, ambaye spora zake zilielezwa na Ferdinand Cohn mwaka 1876, mwaka uleule Robert Koch alipoeleza zile za kimeta. Chakula kikiwapo, protini iitwayo FtsZ hujipanga kuwa pete katikati ya seli na ukuta mpya hujengwa hapo, huku protini za kundi la Min zikizuia pete isijengwe miishoni. Njaa inapoingia, fosfeti, kikundi kidogo cha kemikali kinachotumika hapa kama ishara, hupokezanwa na protini kadhaa mpaka imfikie msimamizi mkuu wa uundaji wa spora, protini iitwayo Spo0A; lakini njiani vimeng'enya vingine vyaweza kuinyang'anya, na ndiyo maana seli haikurupuki kwa upungufu wa muda mfupi. Ubongo hauhitajiki: kinachoamua ni kiasi cha Spo0A iliyokwisha kupata fosfeti.

Kiasi hicho kikitosha, pete huhama kutoka katikati kwenda karibu na mwisho wa seli, na ukuta hujengwa huko. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye ajabu kuliko pote. Ukuta hufunga kabla DNA haijaingia yote, ikabaki kama kanga iliyobanwa na mlango: takriban theluthi moja tu imo katika chumba kidogo, na protini ya SpoIIIE, iliyokaa ukutani hapo, huvuta theluthi mbili zilizobaki. Seli hizo mbili zina jeni zilezile, ila kila moja huwasha zake. Kubwa huimeza ndogo, huijengea magamba ya kinga, kisha hupasuka na kufa, ikiiacha spora ambayo yaweza kustahimili maji yanayochemka na kukaa udongoni kwa miongo.

Gharama hiyo ya seli kubwa kufa ndiyo inayoeleza kwa nini seli haikurupuki mwanzoni. Chakula kikirudi kabla ukuta wa pembeni haujajengwa, seli huacha maandalizi na kuendelea kugawanyika katikati. Lakini ukuta ukishafunga na jeni za kila upande zikaanza kufanya kazi, hata seli ikiwekwa katika mchuzi wa maabara wenye kila kirutubisho, itaendelea kuijenga spora hadi mwisho.