Ukisoma tauni na Wayahudi wa Ulaya, anza na tarehe

Wenzangu mnaoanza somo hili, kabla hamjatafuta sababu, andikeni tarehe mbili kwa kila mji: siku tauni, ile iliyoua watu wengi Ulaya katikati ya karne ya 14, ilipoingia na siku Wayahudi wa hapo walipouawa. Pa kujifunzia ni Strasbourg, mji ulioko Ufaransa ya leo. Wayahudi wake walichomwa moto tarehe 14 Februari 1349, na tauni ilikuwa bado haijafika. Basel, Uswisi ya leo, Wayahudi waliuawa mapema zaidi, mwezi Januari. Basi anayewaambia kwamba watu walipagawa kwa misiba wakatafuta wa kumlaumu, muulizeni: misiba ipi? Kilichotangulia ni uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani.

Uvumi huo nao una karatasi zake. Septemba 1348, katika ngome ya Chillon huko Savoy, himaya ya milimani ambayo leo imegawanyika kati ya Ufaransa, Uswisi na Italia, Wayahudi waliteswa hadi wakakiri, na habari za kukiri kwao zikapelekwa miji mingine. Ukizisoma, sikiliza zaidi sauti ya mwulizaji. Anayejibu anataka tu mateso yakome. Kisha tazama madeni. Strasbourg, wakuu waliotaka kuwalinda Wayahudi waling'olewa madarakani. Baada ya mauaji, madeni ambayo Wayahudi walikuwa wakidai yakafutwa. Sisemi deni linaeleza yote, ila asiyeuliza nani alidaiwa na nani ameruka nusu ya habari.

Mtakutana pia na maelezo yanayopendwa mno: eti Wayahudi walikufa wachache kwa tauni kwa sababu walinawa mikono. Msiyadake. Mwaka huohuo wa 1348 Papa Clement VI, akiwa Avignon, aliwatetea kwa hoja kwamba tauni inawaua na wao, tena imepiga hata wasikoishi Wayahudi. Hadithi ya kunawa inaonekana kama sifa, kumbe inawapa wauaji udhuru, kana kwamba walikuwa na sababu ya kuwashuku.

Wala msiishie 1349. Waldemar Haffkine, Myahudi wa Odessa, alitengeneza chanjo ya tauni Bombay (leo Mumbai), India, na kujidunga mwenyewe kwanza, Januari 1897. Mwaka 1902, kijijini Mulkowal, Punjab, watu 19 waliochanjwa walikufa kwa pepopunda. Lawama zikamwangukia yeye, akaondolewa kazini, na hakusafishwa jina hadi 1907. Ushahidi ulielekeza kwenye chupa moja iliyochafuka ilipofunguliwa palepale kijijini. Kama kuchelewa kule kumsafisha jina kulitokana na Uyahudi wake au na urasimu wa Waingereza, hapo wasomi bado wanavutana, na ni mada nzuri ya insha ya kwanza.