Jibu: Taa ya mimea ya zulia kwenye tangi la samaki (akwariamu) la lita 40

Habari mkuu. Umesema Monte Carlo yako, ule mmea mdogo wa majini unaotandaa chini kama zulia, inarefuka kwenda juu badala ya kutambaa, na unauliza ununue taa ya wati ngapi. Wati achana nazo, zinaonyesha umeme unaoliwa tu. Soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaotoka, kwenye boksi: kwa mimea ya zulia mimi huanzia 30 kwa lita, kwako kama 1,200, mwanga mweupe wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6,500 hivi.

Ila kabla hujatoa hela, futa kifuniko cha kioo. Ule ukoga mweupe wa maji ya chumvichumvi unameza mwanga kweli. Punguza na mimea mirefu inayotupa kivuli. Kisha angalia machipukizi mapya: yakibana majani na kulala mchangani, taa uliyonayo inatosha; ila mashina yakiwa membamba, jani liko mbali na jani, badilisha.

Taa mpya iwashe kwa muda wa saa 6 kila siku, kwa taima. Kama huna mtungi wa kuingizia kaboni dioksidi majini usizidishe muda huo, mwani wa nyuzi utaifunika Monte Carlo kabla haijashika mizizi.

Kina cha maji ni sentimita ngapi? Hukutaja, na kinabadilisha hesabu.