Ngumi ya kiunoni imeshika nini? Kata mbele ya roba ya mbao

SWALI: Shikamoo Sensei. Nina mkanda wa kahawia wa karate, mtindo wa Goju-ryu, mwaka wa tano sasa. Mwezi uliopita nikitoka kazini saa tatu usiku nilipigwa roba karibu na kituo cha daladala, huku Temeke. Simu na mkoba vikaenda. Kata ya Sanchin naijua, kwenye kumite (kupambana na mwenzako) nashinda, lakini siku ile mwili uliganda. Je, kata, ile miondoko iliyopangwa tunayoirudia peke yetu, zina kazi mtaani au nimepoteza miaka yangu? Na ile ngumi tunayorudisha kiunoni ni ya nini, wakati inaacha uso wazi?

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana. Umefika nyumbani mzima, hilo ndilo kubwa.

Nianze na swali la mwisho, maana limebeba mengine yote. Ule mkono wa kiunoni, hikite, haukuwekwa pale upumzike. Umeshika kitu: kifundo cha mkono wa mtu, shati, nywele. Unavuta kwako huku mkono wa pili unapiga, na anayevutwa anayumba, anakuja mwenyewe kwenye kipigo. Uso hauko wazi kwa sababu mkono uliokuwa uupige umeshaukamata. Mashindanoni kushikana kumebanwa sana na mnasimama mbalimbali, kwa hiyo mkono unarudi mtupu. Tena jambo hili ni la zamani kuliko mashindano. Mwalimu Anko Itosu alipoingiza karate katika shule za Okinawa, Japani, mwaka 1901, ilibidi ifae watoto wengi waliopangwa mistari, wakipiga kwa hesabu. Umbo la kata likabaki, mtu wa kushikwa akaondoka.

Sasa roba yako. Kabari ikikaa sawasawa kwenye mishipa ya pande mbili za shingo, mtu anaweza kuzimia ndani ya takriban sekunde 10, kwa hiyo usipoteze hata moja kumtafuta aliye nyuma. Shusha kidevu na ugeuze uso uelekee kiwiko chake, kwa sababu kwenye kunjo la kiwiko ndiko kuna uwazi wa kupitisha pumzi. Papo hapo mikono yako yote miwili inyakue kifundo cha mkono unaokukaba, iuvute chini na kuubana kifuani. Hiyo ndiyo hikite. Magoti yakunjike, nyonga zishuke. Mkabaji anataka akuvute nyuma usimame kwa visigino, na ukishapinda mgongo huna nguvu tena. Sanchin uliyoirudia miaka mitano inakufundisha hilohilo: mabega chini, kidevu ndani, miguu imeshika ardhi, pumzi haikatiki.

Ukishapata hewa, mkono mmoja ubaki umemshika, mwingine upige kiwiko nyuma, mbavuni. Angalia vizuri: hiyo nayo ni hikite, njia ileile ya mkono kurudi kiunoni, ila safari hii kuna mtu nyuma yake. Kanyaga kwa kisigino juu ya unyayo wake, zungusha bega kuelekea kwake, toka chini ya kwapa. Kisha kimbilia penye taa na watu. Usibaki kumpiga. Kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu kinakupa haki ya kujitetea, lakini kwa nguvu inayohitajika tu, na aliyekwisha kukuachia akakimbia hakushambulii tena. Ukiona kisu, mpe simu.

Kuhusu kuganda, usijilaumu hata kidogo. Mwili wako haukuwahi kukabwa. Ulizoea mtu wa mbele, aliyeinama akakusalimu, anayesimama refa akisema. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 alishika jambo moja ambalo sisi wa karate tungelichukua zamani: mbinu za hatari aliziacha ndani ya kata, zile salama akazipeleka kwenye randori, ambako mwenzako anakataa kwa nguvu zake zote. Mkono unaokataa ndio unaofundisha mwili. Kata bila mkono huo ni kama kujua maneno ya lugha ambayo hujawahi kujibiwa.

Basi muombe mwalimu wako dakika 15 baada ya darasa. Vaa viatu vya kazini, mkoba begani, funga macho. Mwenzako aje kwa nyuma wakati asioutaja, akukabe kwa nguvu ndogo wiki mbili za kwanza, kisha aongeze. Mkubaliane kabla: ukigonga mara mbili anaachia hapohapo, bila mjadala, na mwalimu awepo muda wote. Shingo si ya kuchezea.

Ukifika mahali unatoka mara nane kati ya kumi naye akiwa amekaza kweli, niandikie tena tuzungumze kubanwa ukutani. Pale huna pa kuzungushia bega, na mikono inaanza kazi tofauti kabisa.